Pafu la Kulia la Kidoti

Jumapili, 4 Mei

Testi keshokutwa na bado nababaika. Mwalimu Jecha ametupiga marufuku kusema juu, chini, mbele, nyuma. Ng'ombe akisimama, juu ni mgongo. Akilazwa, juu ni ubavu. Akitundikwa kwenye ndoana, juu ni kwato – sasa juu ni wapi? Kwa hiyo tuseme upande wa kichwa, upande wa mkia, upande wa mgongo, upande wa tumbo. Kati na pembeni. Kwa miguu, shinani na nchani. Maneno haya hayageuki hata mnyama ageuzwe vipi. Ndilo analolitaka mwalimu: mkaguzi wa nyama akiandika Unguja, mwenzake wa Pemba aweke kidole palepale.

Yote hayo nayashika. Kinachonishinda ni kulia na kushoto. Kulia ni kulia kwa mnyama, si kwa anayemtazama. Najua! Lakini akinielekezea uso tu, akili yangu inapinduka. Testi iliyopita niliandika kwamba bandama iko kulia. Mwalimu alisoma jibu mbele ya darasa bila kutaja jina, na darasa zima likageuka kunitazama mimi.

Anuar alicheka mpaka akakohoa. Mume ana bucha, anachinja tangu hajaota ndevu, na mke hajui bandama ilipo! Lakini ndiye anayenisomesha. Kila jioni akirudi kutoka buchani Mkunazini, akishaoga, ananiuliza maswali huku tunakula. Leo kaniuliza paka kalalia ubavu gani. Nikasema wa kulia. "Kulia kwako au kulia kwake?" Hapo ndipo ninaponaswa kila siku, na hapo ndipo anapocheka. Mwaka wa tatu huu wa ndoa na sijamchoka.

Jumanne, 6 Mei

Bandama kushoto. Kushoto kwake! Nimeandika na nikapiga mstari chini yake. Mwalimu Jecha amepita nyuma yangu, akaguna. Kwa Mwalimu Jecha, kuguna ni pongezi.

Ijumaa, 9 Mei

Mama amepiga simu kutoka Chukwani. Khitma ya baba ya mwaka itakuwa Jumapili ya tarehe 18. Amesema mara mbili, kana kwamba ningeweza kusahau.

Atachinjwa Kidoti. Si wa kujadiliwa. Baba alimnunua akiwa ndama, mwenye doti jeupe kwenye kipaji cha uso, akampeleka Makunduchi pamoja na ng'ombe wake wengine kwa sahibu yake Mzee Silima, wafuge kwa kugawana. Silima anachunga, majike yakizaa wanagawana. Kidoti peke yake ndiye hakuingia katika kugawana. Siku baba alipoanza kuvimba miguu alitwambia, mimi na Mama tumekaa kitandani pake: huyu ni wa khitma yangu, msininunulie nyama ya watu. Hakuacha wasia mwingine wa maana. Nyumba ilikuwa ya Mama tokea zamani.

Mama anataka Anuar achinje. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akichinjia mtaa mzima Idd zote, na hakuwaamini wachinjaji wengi. Anuar alimuamini. Nimemwambia Anuar na amesema ni heshima kubwa. Atakwenda Makunduchi na Usi mwenye pikapu, wamlete Kidoti mpaka uani kwa Mama, achinjwe hapo hapo.

Mimi nimeomba kichwa na mapafu, vya kusomea. Testi ya vitendo inakuja.

Tukacheka tena leo. Nilitaka kumwonesha mkaguzi anatazama nini akimshuku mchinjaji. Nikachukua kalamu nikamchora shingoni. Hapa kongomeo, kile kikoromeo cha koo. Kisu kipite upande wa mkia wa kongomeo, kongomeo libaki na kichwa – hilo analijua tangu chuo cha Kurani, akanambia nisimfundishe dini. Lakini hili hakulijua: nikamwambia mkaguzi anatazama kingo za mkato. Mnyama akikatwa yu hai, nyama ya ukingoni inajivuta na inaroa damu. Akikatwa keshakufa, ukingo unabaki mkavu, umetulia. "Kumbe mnatazama kingo," akasema. Alikiinua kidevu nimalize kuchora. Amenawa na wino haujatoka, kesho ataenda nao dukani.

Jumamosi, 17 Mei

Tangu saa nane tuko uani kwa Mama na sufuria za kukodi, tunachambua mchele na tunamngoja Kidoti. Mama kachimbisha shimo la damu na kulifagilia pembeni. Alitaka amwone. Alitaka kumshika kipaji, nadhani.

Pikapu imeingia magharibi inakaribia. Kidoti hakuwemo. Ilikuwemo nyama, imefunikwa turubai.

Anuar ameteremka na nguo zina damu, uso umemchoka. Ameeleza kwamba ng'ombe alihangaika sana njiani, akawa anajigonga. Kwa hiyo walipofika Jozani akaona asimtese, wakaingia shamba la mtu anayemjua, akamchinja huko. Usi alikuwa anafungua turubai, katupa mgongo.

Nilimtazama Mama. Nilidhani atakasirika na shimo lake. Kumbe alinyanyua mikono akamwombea dua. Akasema huruma namna hiyo ilikuwa ya marehemu, naye hakupenda mnyama ateseke. Anuar akainama akambusu mkono.

Mimi nimeona fahari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Jumapili, 18 Mei

Imekwisha, alhamdulillahi. Miguu yangu inawaka moto.

Watu walijaa barza mpaka njiani. Wamezisoma juzuu zote kabla ya adhuhuri, kisha yakapita masinia. Pilau ilitosha na ikabaki. Watu waliisifu nyama, laini, na kila aliyesifu Mama alimwambia: ni ng'ombe wake mwenyewe marehemu, na kachinjwa na mkwewe. Sijamwona Mama kanyooka mgongo vile tangu mwaka jana.

Mzee Silima amekuja kutoka Makunduchi na mkongojo wake. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie. Alimlilia Kidoti kidogo, kwa mzaha, na kidogo si kwa mzaha. Akanambia kwamba alimsisitiza mume wangu afunge pembe, asifunge shingo. Yule ng'ombe akiona gari inakwenda hulala, na akilala kamba ya shingo humkaba. "Nimemwambia mara kadhaa, mwanangu. Vijana hamsikii, lakini tumshukuru Mungu kafika salama." Nikamwambia kafika salama.

Baada ya kula, jirani mmoja akauliza kwa utani nani kaikagua nyama siku hizi ambapo watu wanalishana vibudu. Anuar, mbele ya barza nzima: "Mke wangu kaikagua. Huyo ndiye mkaguzi wetu." Watu wakacheka, wakanipa pongezi dirishani. Sikuikagua. Niliikuta imekatwa tayari. Lakini nilidhani ni maneno ya mapenzi tu, nikanyamaza na kanga usoni.

Kisha Mama akaingia ndani akatoka na kisu cha baba. Kile cha mpini wa pembe, kilichokuwa ukutani juu ya kitanda chake. Alimkabidhi Anuar mbele ya wanaume. Akamwambia kuanzia Idd hii yeye ndiye atakayewachinjia majirani, nami nitakagua, na nyumba itabaki na jina la marehemu. Anuar alikipokea kwa mikono miwili. Hakumtazama Mama usoni. Nilidhani ni heshima.

Jumanne, 20 Mei

Nimekitoa kichwa cha Kidoti kwenye friza. Nimekiweka juu ya gazeti nikaanza kusoma: ulimi, tezi za taya, zote zipo. Nikaenda upande wa mkia mpaka penye mkato. Hamna kitu! Kongomeo halipo. Pamekatwa sawa, nyuma tu ya taya, kama pande la sabuni. Ile sehemu niliyoitaka ndiyo aliyoitupa.

Nimemuuliza. Kasema alisafisha palikuwa na mchanga, Jozani walichinja juu ya ardhi tupu. Nimemwambia mwenye bucha mzima hajui kukitunza kichwa cha mkewe. Kacheka. Tumekipika supu.

Alhamisi, 22 Mei

Mwalimu Jecha leo katufundisha damu.

Mnyama aliyechinjwa vizuri damu yake hutoka, na mapafu yake hubaki mepesi, rangi ya waridi lililofifia. Aliyekufa mwenyewe, damu hubaki mwilini, na kwa kuwa hakuna tena kinachoisukuma, huteremka. Hutuama upande ule alioulalia. Kama alilalia ubavu wa kushoto, pafu la kushoto litakuwa jeusi na zito. Ukimgeuza baadaye, umechelewa. Weusi hausogei. Ndiyo maana, akasema Mwalimu, tunaandika kushoto au kulia, wala hatuandiki upande wa chini. Wa chini anaweza kuubadilisha mtu yeyote.

Niliandika yote vizuri. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nikarudi nyumbani nimeshika muhogo wa kuchoma mkononi.

Kisha nikayatoa mapafu kwenye friza ili yayeyuke.

Moja la waridi. Moja jeusi kama ini.

Nimekaa kwenye kigoda jikoni mpaka barafu yote imekuwa maji sakafuni.

Ijumaa, 23 Mei

Nimejifikiria usiku kucha na nimepata jibu: yameungua kwa baridi ya friza. Au Kidoti alikuwa mgonjwa wa kifua. Au ni makosa yangu, kama kawaida yangu.

Nimemwuliza Anuar baada ya sala ya Ijumaa, kwa njia ya kawaida, huku namtilia mchuzi. Ulimlaza ubavu gani Kidoti? Kanijibu palepale: wa kushoto, bibi, kwani mie nnalaza vipi? Ubavu wa kushoto chini, uso kibla, mkono wa kulia wa kisu. Kila siku hivyo.

Nikamwambia pafu la kulia lina damu.

Hakuacha kula. Alitafuna akameza, akanitazama na kicheko chake kilekile cha kila jioni.

"Kulia kwako au kulia kwake?"

Na mimi nimecheka! Mungu wangu, nimecheka naye. Nimeona raha mwili mzima. Bila shaka. Radhiya wa bandama. Nimemtilia mchuzi mwingine.

Jumapili, 25 Mei

Halitoki kichwani. Ingekuwa kushoto, bado kuna swali. Kwa nini jeusi? Aliyechinjwa hawi na jeusi popote. Kulia au kushoto si muhimu kiasi hicho. Alinicheza shere kwa swali dogo nikasahau kubwa.

Lakini mume wangu hawezi kunicheza shere. Sivyo tulivyo.

Jumatatu, 26 Mei

Leo nimefunga mlango wa jikoni nikayatandaza juu ya sinia.

Pafu si kiatu, mtu huwezi kulivalisha upande usio wake. Sikutazama lilivyolala. Nimetafuta njia ya pumzi, nikaifuata kutoka upande wa kichwa kwenda upande wa mkia. Kwa ng'ombe, kabla ya njia panda, kuna kijitawi kinachochomoza peke yake na kuingia pafu moja tu. La kulia. Na la kulia ndilo lenye mapande mengi zaidi, na lile dogo lililojificha katikati. Hayo hayategemei nimesimama wapi, wala nani ananicheka.

Kijitawi kinaingia kwenye lile jeusi.

Nimeifuata tena kwa kidole. Nimeifuata kwa mpini wa kijiko. Nimemwomba Mungu niwe nimekosea. Sijawahi kuomba hivyo kabla ya leo, mimi ambaye kila siku naomba niwe sawa.

Ni kulia. Kulia kwake.

Kidoti hakulazwa na mtu ubavu wa kushoto uso kibla. Kidoti alilala mwenyewe ubavu wa kulia, na akafia hapo, na akakaa hapo muda wa damu kutuama. Ninayaona yote: kamba shingoni, pikapu inakwenda, na mbele wanaume wawili wanazungumza.

Watu wote wale. Masinia yote yale. Baba!

Jumanne, 27 Mei

Sikwenda chuoni. Nimemwambia Anuar kichwa kinaniuma. Kaniletea panadol na machungwa, kanimenyea. Nilitazama vidole vyake vinavyomenya.

Jumatano, 28 Mei

Nimempata Usi Darajani, anapakia magunia. Nimemwamkia, nikamuuliza habari za mkewe. Kisha nikamuuliza shamba walilomchinjia Kidoti ni la nani, nataka kwenda kumshukuru mwenyewe.

Akafunga gunia lililokuwa limeshafungwa. Akasema pale Jozani kuna matuta barabarani, ya kuwalinda kima punju wanaovuka. Lazima upunguze mwendo. Walipopunguza, watalii walikuwa wamesimama kando wanapiga picha, na mmoja akaelekeza kidole nyuma ya pikapu. Ndipo walipogeuka wakaona.

"Dada, mengine kamuulize mumeo. Mie nliendesha tu."

Hakukuwa na shamba.

Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani, nimepita vichochoro ninavyovijua tangu mdogo na nikapotea njia penye duka la mshonaji wetu.

Alhamisi, 29 Mei

Sikupanga. Alikuwa amevua shati ananawa mikono kwenye karo, nami nikaona shingo yake pale nilipomchora.

Nimemwambia nimefuata njia ya pumzi. Nimemwambia nimemwona Usi. Safari hii hakuniuliza kulia kwa nani.

Akakaa juu ya ndoo. Maji yakawa yanakwenda bure, mpaka nikayafunga mimi.

"Alikuwa bado wa moto, Radhiya."

Nilimuuliza alitikisika? Kisu kilipoingia, alitikisa hata sikio? Akajifuta mikono kwa shati lake. Nikamuuliza tena. Akatikisa yeye kichwa: hapana.

Kisha yakamtoka yote mfululizo. Kwamba alifunga shingo kwa kuwa walikuwa wamechelewa na Silima anasema sana. Kwamba alipogeuka Jozani na kuona ulimi umetoka, hakufikiri dini wala nini, alimfikiria Mama na shimo lake la damu. Angemwambia vipi kwamba amemuua ng'ombe wa marehemu kwa kamba? Kukata akakata barabarani, ili damu yoyote itoke. Alidhani kesho ataeleza. Kesho Mama akampa kisu.

Hapo ningeweza kumsamehe. Naandika kweli. Woga naujua, na mimi pia namwogopa Mama. Ningelia naye, tukaenda Chukwani pamoja.

Lakini nikamuuliza kichwa. Kwa nini kongomeo? Mchanga gani ule?

Akatazama sakafu.

"Nlijua utatazama wapi."

Kwa hiyo ni mimi. Jioni zile, kalamu ile, kidevu alichokiinua nimalize kuchora. Niliyompa kwa mapenzi aliyaweka akiba. Alisimama mahali na kichwa cha Kidoti, akakumbuka kalamu yangu shingoni mwake, akakata pale kalamu ilipopita. Na mapafu yaliponusurika, ni kwa sababu somo lile mimi mwenyewe nilikuwa sijafundishwa. Ningelijua mapema, angelijua na yeye, na nisingekuwa na pafu la kutazama.

Na lile swali. Kulia kwako au kulia kwake. Ulikuwa mchezo wetu, wa humu ndani tu. Ameutoa akanipiga nao, na mimi nikamtilia mchuzi.

Amelala chumbani. Mimi nimelala juu ya mkeka.

Jumapili, 1 Juni

Tunazungumza chumvi, maji, ufunguo. Basi.

Leo amejaribu. Kasema walioila hawakujua, na asiyejua hana dhambi, hata sheikh gani nimuulize atanambia hivyo. Najua. Nimeshamuuliza, kwa jina la mtu mwingine. Kasema basi nani kadhurika? Kasema Mama anacheka sasa, analala usingizi, mimi nataka nini, nimuue Mama kwa mara ya pili? Yeye anatubia kwa Mola wake na kisu atakitumia vizuri.

Ananiomba kimya changu kwa jina la Mama. Kila akilitaja jina hilo nazidi kukasirika, na kila akilitaja nashindwa kujibu. Kwa sababu Mama kweli anacheka. Juzi kanipigia simu kunieleza kwamba amemwota baba ameshiba.

Alhamisi, 5 Juni

Tumehamia Chukwani kwa ajili ya Idd. Majirani saba wametia mkono kwa ng'ombe mmoja, na Mama ndiye aliyewakusanya. Wote wamekubali kwa sababu ya khitma. Wanasema nyama ile iliwaonesha mkono wa mchinjaji.

Mama amenishonea aproni nyeupe. Kadarizi mfukoni: Mkaguzi. Amenivalisha akanizungusha.

Nimesema inanibana. Haikunibana. Hata kidogo.

Ijumaa, 6 Juni

Wapo waliosali Idd leo, sisi kesho. Mama amefunga Arafa. Wakati wa futari alimwomba Anuar asimulie tena vile alivyomhurumia Kidoti njiani, kwani mama mdogo aliyekuja kwa Idd hajaisikia.

Akaisimulia. Mbele yangu. Safari hii akaongeza kwamba Kidoti alimtazama kama anayeshukuru.

Nikainuka kuosha vyombo. Nilijua hapo kwamba hakutubu kitu. Mtu anayetubia haongezi.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Naandika chumbani kwangu cha utotoni, mlango nimeurudisha tu. Nasikia kila kitu cha uani.

Takbira zimekwisha. Tumeshapeana mkono wa Idd, Mama kanipa manukato. Ng'ombe amelazwa, nilimwona kwa dirisha. Ubavu wa kushoto, uso kibla, amefungwa miguu vizuri. Anuar anajua kulaza, hilo halijawahi kuwa tatizo. Amevaa kanzu mpya, mikono kaikunja. Majirani wamemzunguka na watoto wamekaa juu ya ukuta.

Wanangoja kisu.

Anuar kasema alikitundika mlangoni jana. Mama kasema alikiona alfajiri. Mtu mmoja kasema kiletwe chochote, kisu ni kisu. Nimemsikia Mama akijibu kwa sauti ya zamani, ya siku za uhai wa baba: hapana, kwa kisu cha mwenyewe au asichinje mtu.

Ng'ombe anahema. Kisha Anuar, taratibu, bila kupandisha sauti, kana kwamba tuko wawili tu mezani:

"Radhiya. Kisu kiko wapi?"

Kiko kushoto. Kushoto kwangu, na mara hii sina wasiwasi. Juu ya kitanda, chini ya aproni, mpini umeelekea kwenye goti. Na chini ya kisu kuna mfuko wa friza, na ndani ya mfuko lipo pafu moja, lile jeusi.

Viatu vya Mama ukumbini. Anakuja yeye mwenyewe.

Anaita jina langu. Lile refu, alilonipa baba.

Naam, nimeitika. Naam, Mama, ingia